Daftari la Mpitishaji

Mwezi Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza HMS Chatham ilifika Lindi ikiwinda meli moja tu. Kwa majuma kadhaa Waingereza walikuwa wameipoteza SMS Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba, kisha ikatoweka. Lindi hawakuikuta. Waliikuta meli nyingine ya Kijerumani, Präsident, na ndani yake karatasi za kawaida kabisa za usafirishaji. Zilionyesha kwamba makaa ya mawe yamepelekwa kwa matishari mahali paitwapo Salale, katika delta ya Mto Rufiji. Tarehe 30 Oktoba Königsberg ikaonekana, imejibanza katikati ya mikoko.

Salale ipo mpaka leo. Ni kata ya Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, na ndiyo yenye Nyamisati, bandari wanakopandia vyombo wasafiri wa Mafia na wa vijiji vya delta. Kata ya Maparoni iko ndani zaidi, katika mtandao wa mito na visiwa ambako safari hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa maji. Naanza na makaa ya Salale kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia, ya seva za proksi katika pwani yetu, inahusu maandishi ya aina hiyohiyo: mtu anabeba mzigo wa mwenzake, anaandika alichobeba na alikokipeleka, na siku moja daftari lake linafunguliwa na mtu ambaye halikuandikwa kwa ajili yake.

Proksi ni kompyuta inayosimama kati ya mtumiaji na intaneti. Simu haiendi yenyewe kwenye tovuti. Inaiambia proksi inachokitaka. Proksi inakwenda kwa jina lake, inachukua, inarudi nacho. Tovuti inaiona proksi tu, haimwoni aliyeituma. Kutokana na mpango huo mwepesi zimezaliwa kazi ambazo hazifanani hata kidogo. Proksi inaweza kutunza nakala ya kilichokwisha kuletwa ili kisifuatwe tena mbali. Inaweza kukataa kuleta kitu. Inaweza kumficha aliyeomba. Na kazi yoyote itakayopewa, ikiachwa ilivyotoka kwa watengenezaji wake, itaandika: saa, anwani ya aliyeomba, kilichoombwa, ukubwa wake.

Pwani hii ilijua adha ya mpitishaji zamani, kabla ya kompyuta. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ya kampuni ya Kiingereza, Eastern and South African, ilifika Zanzibar kutoka Aden, ikaendelea kusini hadi Durban. Wajerumani walipoitwaa bara, kebo ya mwaka 1890 iliyohudumia Dar es Salaam na Bagamoyo ililazimika kuungwa palepale Zanzibar. Kwa hiyo simu ya maandishi kutoka Berlin kwenda kwa gavana wa Dar es Salaam ilipita mikononi mwa makarani wa kampuni ya taifa jingine, waliopokea maneno, wakayahesabu kwa ajili ya malipo, wakayatuma mbele. Wakati wa amani hilo halikuwa tatizo kubwa. Vita vilipoanza, njia ikafungwa.

Wajerumani walikuwa wameliona hilo mapema, ndiyo maana Dar es Salaam ilikuwa na mnara wa redio. Tarehe 8 Agosti 1914 HMS Astraea ilikuja kuupiga mizinga, na Wajerumani wakauangusha wenyewe. Königsberg ilipoingia Rufiji ikajikuta imezungukwa na kijani kizito, haioni bahari, na meli za adui zimeziba midomo ya mto. Ikabidi iwe na macho ya kuazima. Askari waliwekwa kwenye mikoko karibu na milango ya delta, na waya za simu zikavutwa kupitia matopeni hadi melini. Upande wa pili, Waingereza walileta ndege zilizoruka kutoka Mafia, zenye vifaa vya redio.

Mapambano ya Julai 1915 yalikuwa ya mizinga isiyoonana. Meli mbili za Kiingereza zilizoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey, zilifyatua juu ya misitu zikielekezwa na mtu wa angani. Königsberg ilijibu kwa shabaha ya kutisha, ikielekezwa na watu wa mikokoni, hadi Severn ilipowagundua watazamaji waliokuwa mtini na kuwapiga. Baada ya hapo makombora ya Königsberg yakaanza kupotea. Tarehe 11 Julai ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa. Ilipokuwa ikishuka kuelekea majini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Königsberg iliangamia siku hiyo. Vita hii husimuliwa kama mashindano ya mizinga. Mimi naiona kuwa ni ushindani wa wapitishaji, na aliyempoteza wa kwake kwanza ndiye aliyepoteza meli.

Miaka mingi ya telegrafu na simu za mezani naiacha, kwa maana delta haikupata sehemu kubwa ya hizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa na mawasiliano ya kompyuta ya aina inayostahili kukumbukwa kwa heshima. Shirika la SatelLife la Marekani, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia setelaiti ndogo iliyozunguka dunia kutoka ncha hadi ncha. Ilipopita juu ya kituo cha ardhini ilipokea barua, ikazihifadhi, ikazishusha ilipofika juu ya kituo kingine. Madaktari wa Afrika Mashariki walipata kwa njia hiyo makala za tiba ambazo kwa posta zingechukua miezi. Wakati huohuo mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa barua za kompyuta. Hapakuwa na mtu aliyekaa mtandaoni moja kwa moja. Ujumbe uliandikwa, ukawekwa, ukasubiri njia ipatikane.

Mtandao wa tovuti ulivunja utaratibu huo wa kusubiri. Ukurasa unapoombwa unatakiwa uje sasa hivi, na ukija unakuja na picha zake zote. Mwaka 1994, kule CERN, Geneva, ambako mtandao huo ulibuniwa, Ari Luotonen na Kevin Altis walieleza jinsi seva moja inavyoweza kuombea kurasa kwa niaba ya kompyuta zilizofungiwa nyuma ya ukuta wa usalama, na kutunza nakala zake. Mwaka 1996, kutokana na utafiti wa Harvest uliohusisha Chuo Kikuu cha Colorado, Duane Wessels alitoa programu ya Squid. Ilikuwa bure, na kompyuta yoyote yenye Unix au Linux iliweza kuiendesha. Programu hiyo ilifika Afrika Mashariki katika wakati ambao hakuna aliyeihitaji zaidi ya watu wa huku.

Fikiria kafe ya intaneti ya Dar es Salaam au Mombasa mnamo mwaka 2000. Juu ya paa kuna dishi. Setelaiti iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na ombi likienda na jibu likirudi, nusu sekunde imekwisha kabla hata herufi moja haijaonekana kwenye skrini. Kiungo chenyewe huenda ni cha kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kilobaiti 8. Ukurasa wenye picha za jumla ya kilobaiti 400 unahitaji sekunde 50 ikiwa mteja yuko peke yake. Wakiwa kumi, wanagawana. Upana mkubwa zaidi wa njia ya setelaiti ulilipiwa maelfu ya dola kwa mwezi, na mwenye kafe aliwatoza wateja wake kwa saa au kwa nusu saa. Kila mteja aliyekaa alianza na kitu kilekile: Yahoo!, barua pepe, gazeti, matokeo ya mpira wa Uingereza. Nembo moja ya Yahoo! ilisafiri angani mara mia kwa siku kuja nyumba moja.

Mwenye kafe mwerevu alitafuta kompyuta kuukuu, akaiwekea Linux, akachomeka kadi mbili za mtandao, moja ikielekea kwenye dishi, nyingine kwa wateja. Akaweka Squid. Katika faili la mipangilio alitaja anwani zinazoruhusiwa, kwa kawaida zile zinazoanza na 192.168, ukubwa wa ghala kwenye diski, poti ya kusikilizia, ambayo kwa mazoea ya Squid ni 3128, na mwishoni mstari wa kuwafungia wengine wote, http_access deny all. Kisha akapita kompyuta moja baada ya nyingine, akafungua mipangilio ya kivinjari, akaandika anwani ya ile kompyuta kuukuu na poti yake. Tangu hapo nembo ya Yahoo! ilikuja mara moja asubuhi. Wateja waliofuata waliipata kutoka chumba cha nyuma kabla hawajapepesa macho. Maji yaliyokwisha kutekwa hayakuhitaji safari ya pili kisimani.

Mstari ule wa mwisho ulikuwa na uzito zaidi ya ulivyoonekana. Proksi iliyoachwa wazi kwa dunia ilipatikana haraka na programu za wageni zinazopekua mtandao mzima zikitafuta milango isiyofungwa. Wageni hao waliitumia kutuma barua taka na kuficha nyayo zao, upana wote ukaliwa, na anwani ya kafe ikaingia kwenye orodha za waharibifu. Mwenye kafe aliona tu kwamba intaneti imekuwa nzito, akampigia simu mtoa huduma kulalamika.

Waliokwisha kuzoea walikwepa kazi ya kupita kompyuta moja moja. Waliiamuru Linux ilichukue kila ombi la poti 80, ile ya tovuti, na kulielekeza kwa Squid, kivinjari kisijue lolote. Kwa mwenye kafe ulikuwa ufundi wa kuokoa muda. Kwa mteja lilikuwa badiliko la maana kubwa, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu katikati ambaye yeye mteja hakumchagua, hakumwona, na hakuambiwa yupo. Faili la access.log lilijaa mistari chumba cha nyuma: saa fulani, kompyuta ya 7, ukurasa fulani, TCP_HIT kama ulitoka ghalani, TCP_MISS kama ulifuatwa angani. Miaka hiyo tovuti nyingi hazikuwa zimefungwa kwa usimbaji. Aliyekaa kwenye ile kompyuta kuukuu, akitaka, angeweza kuona mengi kuliko mistari ile. Wengi hawakutaka, waliangalia tu kama ghala linafanya kazi. Lakini daftari lilikuwepo.

Tanzania ilikuwa na tatizo jingine la njia, na hili lilitatuliwa kwa akili nzuri. Kila mtoa huduma alikuwa na kiungo chake cha kwenda ng'ambo, hivyo barua kutoka ofisi ya Posta kwenda ofisi ya Kariakoo, zikiwa kwa watoa huduma wawili tofauti, ilipanda angani, ikashukia bara jingine, ikarudi. Mwaka 2004 watoa huduma wa Dar es Salaam walianzisha kituo cha kubadilishana, TIX, mzigo wa nyumbani ukabaki nyumbani. Wakenya walikuwa wamefanya hivyo kwa kituo chao, KIXP, mwaka 2000, wakafungiwa na mdhibiti kwa madai ya ukiritimba wa kampuni ya simu ya Telkom, wakafunguliwa tena mwaka 2002. Mafunzo ya AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao Afrika, yaliyofanyika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, yalikuza kizazi cha wahandisi wanaojua kuendesha seva na mitandao bila kusubiri mtaalamu wa kuja na ndege. Naamini hicho ndicho kipindi ambacho ukanda wetu uliimiliki mashine ya kati kikamilifu. Ilikuwa yetu, ilikaa chumba cha jirani, na aliyeiweka alijulikana kwa jina.

Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilizinduliwa, na Rais Jakaya Kikwete alikuwa Dar es Salaam kuipokea. Mwaka huohuo TEAMS ilifika Mombasa, na mwaka uliofuata EASSy. Polepole bei zikaanguka, madishi yakashushwa mijini, na kompyuta kuukuu za Squid zikazimwa moja baada ya nyingine.

Delta haikuishi historia hiyo ya makafe. Maparoni haikuwa na dishi juu ya paa wala chumba cha kompyuta kumi. Watu wa huko, Warufiji na Wanyagatwa wa mpunga, kamba na mikoko, waliipokea intaneti mkononi, kwenye simu ndogo yenye vitufe, katika mtandao uliotegemea umesimama wapi. Mawimbi ya simu husafiri vizuri juu ya maji ya wazi, ila msitu mzito wenye majani mabichi huyanyonya, na Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo kilichofika kilikuwa chembamba, na kililipiwa kwa vocha.

Kilichowezesha simu hizo kusoma tovuti ni Opera Mini, iliyoachiwa dunia nzima Januari 2006 na kampuni ya Opera ya Norway. Watumiaji wengi waliiona kama kivinjari tu. Ndani yake ilikuwa proksi. Simu ilituma ombi kwa seva za Opera. Seva hizo zikaufuata ukurasa, zikaupanga upya, zikaubana, mara nyingine hadi sehemu ya kumi ya uzito wake, ndipo zikautuma kwenye simu. Mtu aliyekaa delta akitaka kusoma gazeti la Dar es Salaam, ombi lake lilifika kwanza kwenye mashine za kampuni ya Ulaya, likarudi Afrika kulichukua gazeti, likapelekwa tena kubanwa, ndipo likarudi Rufiji. Na bado ilikuwa nafuu kuliko kwenda moja kwa moja. Hesabu ya fedha haikuacha nafasi ya kubishana. Vocha iliyokuwa ikitosha kurasa chache ilitosha kusoma jioni nzima.

Sina shaka kwamba Opera Mini iliwafaa watu wa vijijini kuliko mradi wowote wa wakati huo niujuao. Ila kulikuwa na kitu ambacho mtumiaji hakuandikiwa kwa Kiswahili kwenye skrini ile ndogo. Ili ukurasa ubanwe, lazima usomwe. Tovuti iliyofungwa kwa usimbaji, hata ya benki, ilifunguliwa kwenye seva ya kati kisha ikafungwa upya kuelekea kwenye simu. Januari 2013 mtafiti wa usalama alionyesha kwamba kivinjari cha simu za Nokia kilifanya vivyo hivyo kupitia seva za Nokia; kampuni ikakiri kwamba mzigo hufunguliwa kwa muda mfupi ili kuubana, ikasema hakuna anayeutazama. Huenda ni kweli. Mtumiaji hakuwa na njia ya kuhakikisha.

Oktoba 2014 huduma ya Facebook ya tovuti za bure, iliyokuja kuitwa Free Basics, ilianza Tanzania kwa wateja wa Tigo. Nayo ilipitia proksi, safari hii za Facebook, kwa sababu mtandao wa simu ulihitaji kujua ni mzigo upi usitozwe, na njia rahisi ilikuwa kuupitisha wote mlango mmoja. India iliupiga marufuku mpango wa namna hiyo Februari 2016, kwa hoja kwamba mwenye mlango hapaswi kuchagua tovuti zipi ziwe za bure.

Vijana wetu waliuona mlango ule kwa jicho jingine. Kama mzigo wa tovuti fulani hautozwi, basi ombi la tovuti nyingine likivalishwa jina la ile ya bure na kutumwa kwenye proksi inayojua siri hiyo, litapita bure. Zikaja programu za kuandaa hila hiyo, na mafaili ya mipangilio yakapita kutoka simu hadi simu kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, yakidumu siku chache hadi kampuni ya simu izibe tundu. Katika kundi kubwa la waliopokea mafaili hayo, wachache sana walijiuliza proksi iliyo mwisho wa njia ni ya nani. Bando la bure lilikuwa na mwenyewe, na mzigo wote ulipita kwake.

Kufikia hapo serikali nayo ilikuwa imeanza kuyatazama madaftari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata polisi waliitaka JamiiForums, tovuti ya mijadala iliyoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi, itoe taarifa za kuwatambulisha watumiaji wake. Ilikataa. Tarehe 13 Desemba 2016 Melo alikamatwa, akafikishwa Mahakama ya Kisutu, na moja ya mashtaka lilikuwa kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa hizo. Kesi zilimfikisha mwaka 2020, akatiwa hatiani. Yeye alisimama pale anaposimama kila mwenye proksi: katikati, akiwa na orodha mkononi. Alichokifanya kwa gharama yake mwenyewe kinanifanya nimheshimu.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikaligusa kafe moja kwa moja. Mwenye kafe alitakiwa kila kompyuta iwe na anwani yake ya umma isiyobadilika, aweke chujio la kuzuia maudhui yaliyokatazwa, na afunge kamera. Mtu yeyote aliyewahi kupanga kompyuta kumi nyuma ya anwani moja anaelewa kanuni hiyo ilikuwa inavunja nini: maficho ya wote nyuma ya mmoja. Mwaka 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ukaanza, na namba ikafungwa na kidole.

Uganda ilikuwa imetangulia katika upande mwingine wa hadithi. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilizimwa, na Waganda wakajifunza VPN kwa siku moja. VPN ni ndugu wa proksi: husimama katikati vilevile, ila hubeba mzigo wote wa simu ndani ya njia iliyofungwa kwa usimbaji. Julai 2018 Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao hiyo, Waganda walizirudia VPN kuikwepa. Tanzania ilifuata. Kuelekea uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, WhatsApp, Twitter na nyinginezo zilizuiwa, na kwa muda baada ya kura Twitter iliendelea kupatikana kwa VPN tu. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, mdhibiti wa mawasiliano nchini, ilitoa tangazo kuwataka watumiaji wa VPN wazitaje pamoja na anwani zao za IP kabla ya tarehe 30 mwezi huo, ikikumbusha adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mei 2025 mtandao wa X, ndiyo Twitter ya zamani, ulizuiwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Siku hizo zilifundisha kitu ambacho matangazo ya VPN hayasemi. Proksi inazunguka ukuta ikiwa bado kuna njia upande wa pili. Januari 2023 WhatsApp iliruhusu watumiaji wapitie seva za proksi zinazowekwa na watu wa kujitolea popote duniani, na ni jambo jema, ila seva hiyo nayo lazima ifikiwe. Kebo ikifungwa yote, hakuna mpitishaji.

Nimeifuata historia hii hadi Maparoni kwa sababu nadhani huko ndiko kazi ya kwanza ya proksi, ile ya kutunza karibu na watu, bado haijafanywa. Mjini tumeisahau kwa sababu kebo imeshusha bei, na kwa sababu nyingine ya kiufundi: tovuti karibu zote sasa zimefungwa kwa usimbaji, na Squid haiwezi kutunza isichoweza kukisoma. Kulazimisha, yaani kuvunja kufuli katikati kama seva za zamani za simu zilivyofanya, ni kuwarudisha wanafunzi na wagonjwa kwenye chumba cha nyuma cha kafe. Sipendekezi hivyo kwa shule wala zahanati yoyote.

Kinachowezekana ni ghala lisilohitaji kuombea. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huhifadhi Wikipedia nzima katika faili, ikiwemo ya Kiswahili, na kompyuta ndogo ya kiasi cha kiganja, inayokula umeme wa sola, huigawa kwa Wi-Fi kwa simu zote za darasa. Haihitaji bando wala mnara. Iliyowekwa kisiwani isingezimika Oktoba 2025. Ikiwekwa kwenye kabati la juu, haitasombwa na maji kama yale yaliyofurika Rufiji na Kibiti Aprili 2024, yakafunika mashamba na nyumba. Vitabu vya kiada na miongozo ya wizara vinaweza kuwekwa humohumo, vikafanyiwa marekebisho mwalimu akienda Kibiti mjini na kurudi na faili jipya.

Squid bado ina nafasi ndogo pembeni yake, pale shule yenye laini moja ya simu inapotaka kuigawa kwa haki: masasisho ya programu ya baadhi ya kompyuta bado hupita bila usimbaji na hutunzika, na kiwango cha kila mtumiaji kinaweza kuwekewa kikomo ili mmoja asimalize bando la wote. Atakayeiweka aanze na anwani za ndani, kisha deny all, kama walivyofanya wenye makafe. Awaambie wanafunzi kwamba ipo na inafanya nini, jambo ambalo wengi wa wenye makafe hawakulifanya. Na aamue mapema kuhusu daftari. Squid huandika kila ombi isipoambiwa vinginevyo. Mwenye kulitaka kwa ajili ya kupima tu anaweza kuamuru mafaili ya zamani yafutwe kwa zamu, na asiyelihitaji kabisa anaandika mstari mmoja katika mipangilio, access_log none, kisha anaiwasha Squid upya.